Adui Aliyekuja Mwenyewe

Mzee Clemensi Hhando wa Daa, wilayani Karatu, huamka na hasira kama wenzake wanavyoamka na kikohozi. Humkasirikia jogoo kwa kuchelewa kuwika, kisha humkasirikia kwa kelele. Huwakasirikia tembo wanaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro kula mahindi yake, na akimalizana nao huikasirikia serikali inayomkataza kuwagusa kwa sababu tembo wana wageni waliotoka mbali kuja kuwaona.

"Na mimi nani katoka mbali kuja kuniona?" huuliza.

Mkewe, Brigita, humjibu kutoka jikoni bila kugeuka: "Wakija utawafukuza."

Ni mtu wa miaka sitini na mitano, mrefu, mkavu kama mti wa mbaazi uliokwisha kuvunwa. Ana suti moja ya kaki na medali moja. Suti huipiga pasi mwenyewe. Medali haigusi, Brigita ndiye humbandikia. Kila mwaka inapokaribia Siku ya Mashujaa, mtendaji wa kata humtumia ujumbe: mzee wetu, usikose. Naye huenda, husimama mbele ya watoto wa shule waliojaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, husimulia jinsi alivyomteka adui peke yake kwenye vita vya Kagera. Watoto hupiga makofi, walimu hupiga makofi, mtendaji hupiga makofi huku akitazama saa. Mzee hurudi nyumbani na hasira ya wiki mbili.

Watu wa Daa husema vita ndivyo vilivyomharibu. "Mwacheni," hunong'ona, "ameona mengi." Kuona, hakuona mengi hivyo. Kilichomharibu ni makofi.

Tuliseme sasa hivi, asije mtu akadai amefichwa jambo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la saba wa Mbulu, maana Karatu wakati ule ilikuwa bado Mbulu. Kiswahili chake kilikuwa cha ubaoni, kimenyooka na kinanuka chaki. Wakamfunza mgambo, wakampa bunduki, wakampandisha lori mpaka ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Mtoto wa mashamba ya ngano, aliyezoea kumwona ng'ombe wa jirani akiwa kilima cha tatu, akatumbukizwa kwenye migomba isiyo na mwisho, ambako hata jua huingia kwa kubisha hodi. Siku moja kikosi kilipopumzika akachepuka kwenda kujisaidia. Alitembea mbali, kwa sababu ya haya. Akaegemeza bunduki kwenye mgomba mmoja, akachuchumaa kwenye mgomba mwingine, na hapo adui akatokea.

"Jeshi!" adui aliita, mikono juu. "We, jeshi! Mimi nataka kukamatwa!"

Jambo hilo hakuna aliyemwandaa nalo. Mafunzoni waliambiwa adui ana macho mekundu na anakunywa damu. Hakuna aliyewaambia kwamba anaongea Kiswahili, kwamba askari wa Nduli Amin waliamrishana, walitukanana na kuombana sigara kwa lugha ileile ya akina Clemensi. Clemensi alifanya alichoweza. Akatimua mbio, suruali mkononi.

Adui akamkimbiza. "Wacha kukimbia! Mimi nimechoka! Bunduki yako umesahau!"

Clemensi alijikwaa kwenye mgomba ulioanguka, akala udongo. Adui akamfikia, akamwinua, akamkabidhi bunduki yake, kisha akageukia pembeni ili mwenzake amalize kufunga mkanda. Jina lake lilikuwa Anguyo. Alikuwa ametupa bunduki siku mbili kabla, na siku zote hizo alikuwa amejibanza karibu na kambi ya Watanzania, akitafuta mtu wa kujisalimisha kwake ambaye hataogopa na kufyatua.

"Wewe nikakuona," alisema, "nikasema, huyu hata nzi hawezi."

Clemensi hakujua kambi iko upande gani. Anguyo alijua. Wakagawana ndizi moja ya kuchoma iliyokuwa mfukoni mwa Anguyo. Halafu Anguyo ndiye aliyepanga msafara: yeye mbele, mikono kichwani, Clemensi nyuma, bunduki ikitazama mgongo, ili walinzi wasikosee wakapiga.

"Ukifika waeleze nimekuja mwenyewe," alisema. "Aliyekuja mwenyewe si kama aliyekamatwa. Utawaeleza?"

"Nitawaeleza."

Walipochomoza, afande aliona alichokiona. "Hee! Wewe Mbulu! Umemteka huyu peke yako?" Kikosi kizima kikaruka juu, makofi, miluzi, kofia hewani. Wakamfunga Anguyo kamba. Naye akageuza shingo akamtazama Clemensi, akasema, "Mweleze, ndugu."

Clemensi alifungua mdomo. Makofi yakaingia. Akaufunga.

Anguyo alipandishwa lori pamoja na mateka wengine, lori likaondoka, na mpaka leo Clemensi hajui lilikofika. Neno lililomkwama kooni ni moja tu, na lina miaka arobaini na sita pale. Kila anayempigia makofi analisukuma chini kidogo.

Sasa, mwaka huu mtendaji alikuwa mpya. Anaitwa Judith, msichana mwenye nguvu na daftari, na alitaka Mashujaa ya kata yake iwe na shamrashamra. Akaenda kwa Raphael, Mchaga wa Marangu mwenye banda umiza nyuma ya soko la Karatu: mabati juu, mabenchi chini, televisheni kubwa mbele, na mapazia meusi yanayoigeuza saa nane mchana kuwa usiku. Wakakubaliana: siku moja kabla ya sherehe, Mzee Clemensi akae benchi la mbele kama mgeni rasmi, ipigwe movie ya vita, vijana waone ushujaa. Raphael aliichagua kwa kutazama kava. Kavani kulikuwa na kifaru na moto. Akaona inatosha.

Mzee alikuja amevaa suti na amenuna. Akakaa karibu na Lembris, Mmasai mtu mzima anayelinda hoteli moja ya watalii kule juu, rungu mapajani. Judith alikaa upande wa pili na daftari lake. Mbele kabisa alisimama Philbert na maiki. Philbert ndiye mtafsiri. Movie yoyote, ya Kichina, ya Kikorea, ya lugha isiyo na mwenyewe, Philbert huitafsiri papo hapo, na kama hakuelewa neno hata moja ndipo hutafsiri vizuri zaidi.

Banda umiza lina katiba yake. Ibara ya kwanza: staring hafi. Ibara ya pili: adui hana mama. Staring ana jina, ana mchumba, ana kovu la kumpendezesha. Adui ana kofia tu, na kazi yake hapa duniani ni kuanguka kutoka ghorofani akipiga ukelele. Watu wamelelewa na katiba hiyo, wameoa nayo, wengine wamegombea nayo uenyekiti wa kitongoji.

Movie ya Raphael haikuisoma katiba. Ilianza na askari kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake, anamenya viazi, jino linamuuma. Akamwandikia mama yake barua. Akamkumbuka mbwa wake. Banda likampokea mara moja: huyo ndiye staring. Wakamwita Kiazi. Kiazi alipoteleza kwenye tope, watu walisema "Pole, baba." Ikapita nusu saa, hadi Lembris aliyekuwa ametulia akanyoosha rungu kwenye televisheni.

"Huyo ni wa adui," alisema. "Tazama nguo. Wale wengine ndio wa upande wenye kushinda. Wazungu wa hotelini wanatazama hivi vita kwenye televisheni kila siku."

Banda lilichafuka.

"Raphael! Umetuletea movie gani, adui anaumwa jino?"

"Mimi nilimpa pole, bwana! Nirudishieni pole yangu!"

"Kavani kuna kifaru!" Raphael alijitetea kutoka mlangoni. "Vumilieni, kifaru kinakuja!"

Philbert ni mtu wa kazi. Aliona kosa ni la mwongozaji, akaamua kulirekebisha yeye. Kuanzia hapo, Kiazi akifungua kinywa, Philbert anamtia maneno. Kiazi aliomba maji, Philbert akasema anaomba pombe ya mbege. Kiazi alilia juu ya maiti ya rafiki yake, Philbert akasema analilia viatu vya marehemu visivyomtosha. Watu wakarudi kwenye furaha yao. Hata Judith alicheka, daftari mdomoni.

Mzee Clemensi hakucheka. Mshipa wa shingo ulikuwa umemtoka.

"Babu yangu alinisimulia vita vya Wamasai na Wambulu," Lembris alimnong'oneza, kama mtu anayepoza chai. "Maadui mlikuwa nyinyi."

"Na babu yangu alisema ni nyinyi."

"Sasa staring alikuwa nani?"

"Nyamaza utazame."

Ndipo Kiazi alipotoka kichakani. Peke yake, bila bunduki, mikono juu, kofia imempanda upande. Mbele yake askari mmoja wa upande ule mwingine, kijana kama yeye, ametoa macho. Kiazi akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, taratibu, machozi yanashuka, anaonyesha kichaka alikotoka, anajionyesha kifua.

"Anasema hivi," Philbert alinguruma kwenye maiki, "'Jamani msiniue, mimi ni bwege, hata mama alinizaa kwa bahati mbaya! Nipeni ugali nibadilishe dini!'"

Banda likaanguka kwa kicheko. Katikati ya kicheko hicho mzee alisimama, akapita juu ya miguu ya watu, akaikwapua ile maiki mkononi mwa Philbert.

"Hasemi hivyo!"

"Mzee wangu," Philbert alisema kwa upole, "kwani hiyo lugha unaijua?"

"Lugha siijui. Anachosema nakijua."

Akaigeukia televisheni. "Anasema, nimekuja mwenyewe. Anasema, bunduki nimeitupa juzi. Anasema, siku mbili nimejibanza nawatazama, natafuta mmoja asiye na uso wa kuua. Anasema, huyu mwenzenu nilimkuta amechuchumaa, akanikimbia, nikamfuata na bunduki yake."

Midomo ya Kiazi ilikuwa bado inacheza. Maneno yalimkaa kama ameshonewa.

Banda lililipuka. "Mzee huyoo!" "Philbert, kazi huna!" "Amechuchumaa, eti!" Dereva mmoja wa magari ya watalii alikuwa ameinama, anajipiga magoti.

"Siyo kwenye movie!" mzee alipaza sauti. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyechuchumaa!"

"Sikia, sasa anafanya sauti ya yule mwingine!"

"Ni mimi, wapumbavu nyie! Alinipa bunduki yangu mkononi! Akanionyesha njia, nilikuwa nimepotea! Akaniambia waeleze, na mimi sikueleza!"

"Waeleze!" banda likaitikia kwa pamoja, kama kanisani. "Waelezee!"

Mtu anaweza kubeba neno miaka arobaini na sita, akalitoa siku moja mbele ya watu sabini, nao wakalipokea kama kionjo cha movie. Clemensi alisimama pale na maiki, mdomo wazi. Nyuma yake, kwenye televisheni, askari wa pili alitokea ubavuni, wala hakuuliza, akampiga Kiazi risasi. Kiazi alianguka na mikono yake ikiwa bado juu.

Watu wakapiga makofi.

Kilichofuata kilitokea haraka. Mzee aliipiga teke meza, akaushika waya, akaung'oa ukutani pamoja na kipande cha ubao. Giza. Raphael akapiga yowe la mtu aliyechomwa. Mtu wa karibu na dirisha akavuta pazia, na mwanga wa saa tisa ukaingia na vumbi lake, ukawakuta watu wote wamebaki na viganja hewani.

"Yashusheni hayo makofi," mzee alisema. Maiki ilikuwa imekufa, na hakuihitaji. "Movie imezimwa. Hapa hakuna mtu ninayemtafsiri. Mimi, Clemensi Hhando, sikumteka mtu. Alikuja mwenyewe. Jina lake Anguyo. Tuligawana ndizi. Aliniomba neno moja nikamnyima, kwa sababu watu walikuwa wananipigia makofi kama mlivyofanya nyie sasa hivi. Wakamfunga kamba nikiwa natazama. Mmesikia?"

Safari hii walisikia. Ilijulikana kwa jinsi kila mtu alivyotafuta mahali pa kuweka mikono.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Judith. Alimshika mzee kiwiko, kwa heshima, kama mtu anayemwondoa bibi kwenye jua. "Shikamoo baba. Umechoka. Joto la humu."

"Sijachoka. Na kesho nitasema hivihivi."

"Baba, kesho kuna wageni kutoka wilayani. Na watoto wamefanya mazoezi ya igizo mwezi mzima. Yule anayekuwa wewe, mama yake ameshamshonea suti."

"Na anayekuwa Anguyo? Naye kashonewa?"

"Hakuna anayekuwa adui, baba. Kila mzazi alikataa mtoto wake. Tumetumia gunia."

"Gunia?"

"La maganda ya mahindi. Tumelivisha kofia."

Watu waliokuwa karibu wanasema hapo ndipo walipomwogopa kweli. Hakufoka. Alimtazama msichana yule muda wa kutosha mtu kusema Salamu Maria. "Mtu aliyeniinua kutoka kwenye udongo," alisema, "mmemfanya gunia."

"Hatukujua, baba."

"Hamkujua kwa sababu mimi nilinyamaza. Hilo langu. Leo mnajua. Kesho mkilipiga teke lile gunia mbele ya watoto, hilo ni lenu."

Judith alifungua daftari, akalifunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ratiba. "Basi kesho pumzika nyumbani, baba," alisema mwishoni, akiangalia chini. "Nitasema unaumwa."

"Useme kwamba umenikataza!"

Lakini Judith alishatoka, na mzee akatoka nyuma yake. Kwa hiyo shujaa wa Daa alivuliwa ushujaa saa tisa na nusu alasiri, nyuma ya soko, baina ya muuza mitumba na fundi baiskeli, na hakuna aliyempigia makofi. Nyuma yake banda lilianza kuguna: "Raphael, rudisha umeme." "Mzee katuharibia." "Kwa hiyo medali ni ya nini?" Aliisikia hiyo ya mwisho. Akasimama, akataka kurudi ndani akamtie mtu adabu, ila jibu hakuwa nalo, na hilo lilimkasirisha kuliko swali.

Lembris alimkuta amekaa kwenye tofali. Akachuchumaa karibu naye, rungu begani. Kisha akauliza jambo ambalo watu sabini hawakuuliza.

"Sasa huyo mtu yuko wapi?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Miaka yote hii?"

Mzee aliinua mkono kama anayetaka kumpiga, ukaishia hewani. "Nilikuwa naogopa nitajibiwa," alisema.

"Mimi ng'ombe wangu mmoja akipotea," Lembris alisema, "naanza na boma la kwanza. Siangalii kama ni la Mmasai au la Mbulu. Nauliza. Wananitukana, naenda la pili."

Philbert alitoka nje akiwa hana kazi, waya wa maiki mkononi, anatafuta mtu wa kumlaumu. Alimpata mzee, akavuta pumzi ya kuanza, akaona uso ule, akaimeza. Lembris akamwita.

"We kijana wa midomo. Una simu kubwa?"

"Ninayo."

"Mtandaoni kuna watu wa Uganda?"

"Wako mpaka waliokufa."

"Tafuta Anguyo."

Philbert alikaa chini kwenye vumbi, akaandika, akasubiri, akakuna kichwa. "Mzee, wako wengi mno. Anguyo fundi, Anguyo mchungaji, Anguyo mchezaji mpira, huyu hapa ana miwani amekumbatia kuku. Ni kama ukitafuta akina Tluway huku kwetu. Tutajuaje yupi?"

"Hatutajua. Anza wa kwanza."

"Nimwandikie Kiingereza? Naweza kukipamba kidogo, nikaweka—"

"Leo hutafsiri kitu!" Mzee alimnyooshea kidole mpaka puani. "Utaandika Kiswahili, kama ninavyotamka. Yule alikijua kuliko mimi. Ukiongeza hata chumvi nitakuvunja hicho kidole gumba. Andika: mimi ni Clemensi, askari wa migombani. Nilisema nitawaeleza sikuwaeleza. Leo nimewaeleza Karatu, watu sabini, na mtendaji mmoja. Wewe ulikuja mwenyewe. Kama ni wewe, au baba yako, au yeyote wa kwenu, sema."

Philbert aliandika. Mara mbili alitaka kuongeza neno, mara mbili akalifuta. Akatuma.

Walikaa. Gari la watalii lilipita taratibu kwenye lami ya juu, shingo ndefu ya kamera imetokeza dirishani, ikawapiga picha watatu wale. Mzee aliitukana kwa Kiiraqw, kwa kirefu. Ndani ya banda Raphael alikuwa ameshatengeneza umeme. Kifaru, kama alivyoahidi, kilikuwa kimefika, na watu wanakishangilia.

Simu ikalia.

"Amejibu," Philbert alisema, macho yamemtoka. "Yule wa kuku." Alisoma kimoyomoyo, mabega yakamshuka. "Anasema pole sana mzee. Anauza magodoro mji wa Arua, hukohuko Uganda. Ana miaka ishirini na tisa, na kwao hakuna aliyewahi kuwa jeshini. Anasema umekosea mtu."

"Sijamuuliza umri."

"Lakini siye, mzee."

"Mwambie ajue hivyohivyo kwamba yule alikuja mwenyewe. Mwambie awaeleze na wenzake hapo kwenye magodoro."

"Nimwambie hivyo kweli?"

"Mwandikie!" mzee alifoka, na fundi baiskeli akageuka kutazama. "Halafu wa pili. Ni yupi wa pili?"

"Mchungaji."

"Andika: mimi ni Clemensi."